Meza ya Watu Watatu

Mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi, kicheni pati, ubarikio, kipaimara, hata matanga, watu wa Dodoma wakiniita naenda na masufuria yangu. Swali langu la kwanza kwa mwenyekiti wa kamati huwa ni lilelile: "Mnategemea vichwa vingapi?" Na jibu nalo huwa lilelile: "Kama mia tatu hivi, mama, lakini wewe pika tu." Hilo "wewe pika tu" limeninyima usingizi miaka kumi na minne. Kadi ya single inaingia na watu watatu. Kadi ya double inakuja na ukoo. Au mvua inanyesha jioni, nusu ya waalikwa wanabaki majumbani kwao bila hata ujumbe wa simu, na saa saba usiku nasimama mbele ya masufuria mawili ya pilau ambayo hakuna aliyeyagusa.

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue nilikwenda Marekani na macho ya namna gani. Dada yangu anaishi Atlanta mwaka wa kumi na nane huu. Mei 2022 alinipigia simu usiku, akaniambia, "Mdogo wangu, umelisha watu vya kutosha. Mwaka huu njoo ule wewe." Tiketi ya ndege alilipa yeye. Viza niliihangaikia mwenyewe, nikaipata, na hiyo ni habari ya siku nyingine.

Alichokuwa ananiitia ni tamasha la vyakula na mvinyo la EPCOT, moja ya bustani nne kubwa za burudani za Walt Disney World karibu na Orlando, jimbo la Florida. Mwaka huo wa 2022 tamasha hilo lilipangwa kuanzia Julai 14 hadi Novemba 19. Nikahesabu kwa vidole: siku 129. Mimi harusi ya siku moja inanitoa jasho kwa miezi mitatu, nikajiuliza watu hawa wanapangaje siku mia na ishirini na tisa za kulisha wageni.

Jibu lilianza kuja kabla sijapanda ndege. Binti wa dada yangu, mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyeshika usukani. Akaniandikia kwenye WhatsApp kwa Kiswahili chake cha kuungaunga lakini chenye adabu: "Shikamoo mama mdogo. Tunatakiwa kubuku vitu kwa mpangilio." Cha kwanza tiketi ya kuingilia, ambayo kwa mtu mmoja kwa siku moja ilizidi dola 100. Lakini mwaka ule tiketi peke yake ilikuwa haikufungulii geti. Tangu korona ilikuwa lazima pia uombe nafasi ya bustani fulani kwa siku fulani, na nafasi zikijaa ndiyo basi, hata kama umelipa. Cha pili ni meza kwenye migahawa ya ndani. Cha tatu ni muziki wa jioni, ambako kuna kifurushi: unalipia mlo kwenye mgahawa uliotajwa, na kwa mlo huohuo unapata kiti cha uhakika kwenye onyesho. Vibanda vya vyakula havina kubuku, ni kupanga foleni na kulipa. Aliniambia pia kwamba kabla ya korona kulikuwa na mambo mengine zaidi, kama madarasa ya kuonja mvinyo, mafunzo ya wapishi jukwaani, na karamu kubwa ya usiku ya kula na kunywa iliyoitwa Party for the Senses, kila kimoja na tiketi yake. Mwaka 2020 vyote vikakatwa. Nilisikitika kukosa yale mafunzo ya wapishi. Ningekaa mstari wa mbele.

Meza ndiyo ilinifundisha jambo. Migahawa inaanza kupokea maombi siku 60 kabla. Sisi tulitaka Jumatano, Septemba 28, kwa hiyo siku yetu ya kuomba ilikuwa Jumamosi, Julai 30, saa kumi na mbili asubuhi ya Orlando. Kwetu Dodoma hiyo ni saa saba mchana. Na Jumamosi saa saba mchana mimi niko wapi? Niko nyuma ya ukumbi, moto unawaka, wali unapaliwa. Nilinunua bando asubuhi. Ilipofika saa saba kasorobo nikamwachia msaidizi wangu mwiko, nikasimama chini ya mwembe na simu mkononi. Mwanangu, huyo binti wa dada, kule Atlanta alikuwa ameamka gizani na simu yake. Tulikuwa tunataka meza ya watu watatu katika mgahawa wa Kijerumani uitwao Biergarten, kwa sababu ni bufee, nami nilitaka kuona bufee ya wenzangu.

Saa saba kamili nikabonyeza. Zikatokea saa za mchana, nyingi tu. Nikachagua saa saba na nusu. Kufumba na kufumbua, haipo. Nikachagua saa nane, haipo. Huku nyuma msaidizi ananiita, "Mama, nazi tayari!" Nikajibu nakuja. Kisha ukaingia ujumbe kutoka Atlanta: "Nimepata, saa kumi jioni, watu watatu." Chini yake akaongeza kitu ambacho nilikisoma mara mbili nikiwa na moshi machoni. Wakati wa kubuku alitakiwa kuweka namba ya kadi ya benki. Tusipotokea, na tusipofuta mapema, wanakata dola 10 kwa kila kichwa.

Dada alidhani nitakasirika. Mimi nilifurahi hadi nikacheka peke yangu pale chini ya mwembe. Kumbe kuna mahali duniani ambako mpishi anaambiwa vichwa siku sitini kabla, na anayesema "nakuja" anaweka neno lake rehani! Jioni ile, harusi ya watu mia tatu ikawa na watu mia nne na kumi. Tulipunguza minofu meza kwa meza, na meza za mwisho wakapata wali na mchuzi. Sikuacha kuifikiria ile dola kumi.

Niliondoka Septemba kupitia Doha hadi Atlanta. Jumapili ya tarehe 25 tukaingia barabara ya I-75, sisi wanawake watatu kwenye gari la dada, tukashuka kusini saa saba nzima, misonobari kulia na kushoto, mpaka tukaona anga limepanuka na michikichi ya mapambo imeanza. Hoteli yetu ilikuwa Kissimmee, ya kawaida, yenye jiko dogo chumbani.

Jumatatu tulikwenda bustani nyingine, Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998. Dada alikuwa amenificha kitu. "Tembea tu," akaniambia. Tukavuka daraja, nikajikuta mjini Harambe. Ni mji wa kubuni, umejengwa kwa kuiga miji ya pwani yetu, Lamu hasa: kuta nyeupe zilizopauka, chokaa iliyobanduka kwa makusudi, mabango ya rangi yaliyochoka jua. Na mabango yale yameandikwa lugha yangu. Hoteli Burudika. Tamu Tamu. Dawa Bar. Nilisimama nasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, na Wamarekani wakanipita pembeni hawajui kwa nini mama huyu amesimama katikati ya njia. Chini kwenye sakafu ya uwanja pameandikwa "Uhuru 1961". Sijui waliouchora mwaka huo walimkusudia nani. Mimi ni Mtanzania, nina mwaka mmoja tu wa uhuru kichwani, na ni huohuo. Niliinama nikaugusa kwa mkono. Dada akanipiga picha nikiwa nimechuchumaa, na hiyo ndiyo picha pekee ya safari nzima niliyoisafisha na kuiweka ukutani.

Usiku tulikula Boma, mgahawa wa bufee ulio ndani ya hoteli ya Animal Kingdom Lodge. Meza hiyo nayo mwanangu aliibuku siku sitini kabla. Vyakula vilitoka Afrika ya kaskazini, kusini na magharibi vikachanganywa, na jina la mgahawa likatoka kwetu. Supu zao zilikuwa nzuri sana. Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye Jumatano.

Jumanne asubuhi dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anatazama televisheni bila kusema. Kimbunga Ian kilikuwa kimetoka Kuba kinaelekea Florida. Siku hiyohiyo likatoka tangazo kwamba bustani zote za Disney zitafungwa Jumatano tarehe 28 na Alhamisi tarehe 29. Mipango si matumizi, wanasema vijana wa kwetu. Siku sitini za kungoja, na meza yetu ikafutwa na upepo. Kwenye simu ya mwanangu ukaja ujumbe kuwa nafasi imefutwa na hakuna tutakachokatwa.

Lakini sitaki kuisema meza kana kwamba ndiyo iliyokuwa msiba. Kimbunga kiliingia nchi kavu Jumatano mchana, kusini-magharibi mwa Florida, kikiwa cha daraja la nne, na watu zaidi ya 100 walikufa jimboni humo. Sisi tulikuwa mbali na pale kilipopiga. Tulinunua maji, mkate, njugu na mishumaa, tukajifungia. Usiku wa Jumatano upepo ulilia kama lori linalopanda mlima bila kufika. Dada alisali rozari, mimi nikawa naitikia, mwanangu akalala katikati yetu kama alivyokuwa analala akiwa na miaka minne. Asubuhi sehemu za Kissimmee zilikuwa zimejaa maji, watu wakitembea na maji magotini, wengine kwenye mitumbwi. Mfanyakazi mmoja wa hoteli alituambia kwamba kule Disney kuna kikosi cha wafanyakazi wanaojitolea kulala kazini wakati wa kimbunga, wawalinde wanyama na kuwahudumia wageni waliomo hotelini. Niliwawaza wapishi wao. Watu wamekwama hotelini siku mbili, na lazima wale.

Alhamisi jioni mwanangu akaanza tena na simu. Hapo ndipo nilipoona upande wa pili wa kubuku. Watu waliokuwa wamepanga kuja wikiendi walikuwa wanaghairi: ndege zimefutwa, nyumba zimeingia maji, wengine wameogopa tu. Kila aliyefuta, nafasi yake iliibuka kwenye simu kwa sekunde chache kisha ikazama. Mwanangu aliivizia kama paka kwenye tundu la panya. Tiketi zetu zikahamishwa tarehe, nafasi ya kuingia EPCOT ikapatikana Jumapili, Oktoba 2. Na Ijumaa usiku, akiwa amejilaza na shuka hadi kidevuni, akaketi ghafla: "Mama mdogo! Biergarten, Jumapili, saa kumi na dakika tano, watu watatu!" Baada ya robo saa akapata na nyingine, Jumatatu mchana. Akazishika zote mbili. "Tukikosa moja," akasema, "tuna ya akiba."

Nilijua kuna familia mahali fulani ya watu watatu isiyokwenda tena Orlando. Waliitoa nafasi yao wakiwa pengine na maji sebuleni. Hawakulazimika kunifikiria mimi, lakini waliifuta, hawakuiacha tu ipotee.

Jumapili ikawa na jua kali na anga lililooshwa. Siku moja kabla, Oktoba mosi, EPCOT ilikuwa imetimiza miaka 40 tangu kufunguliwa 1982, na bado watu walikuwa na fulana mpya za sherehe. Getini linakupokea lile tufe kubwa la fedha, Spaceship Earth, urefu wake kama mita 55. Ukilipita na kuendelea mbele unafika kwenye ziwa, na kulizunguka ziwa kuna nchi kumi na moja zilizojengwa kwa majumba ya mfano: Meksiko, Norwe, China, Ujerumani, Italia, Marekani, Japani, Moroko, Ufaransa, Uingereza na Kanada. Kulizunguka ni kama kilomita mbili. Nafasi zilizo kati ya nchi na nchi, ndipo wakati wa tamasha kunakuwa na vibanda.

Vibanda vinafunguliwa saa tano asubuhi. Mwanangu alikuwa na kijitabu cha tamasha, wanakiita pasipoti, kinatolewa bure, kina orodha ya kila kibanda na kila sahani. Alikuwa amekichora kwa kalamu tatu: nyekundu ya lazima, kijani ya tukipata nafasi, na bluu ya kwangu. Mkononi alivaa kikadi kidogo cha malipo chenye kamba, amekitia dola 120. Kikiisha, tumemaliza kula. Nimekipenda kile kikadi. Kamati nyingi za harusi zingekuwa nacho zisingefika mahali pa kuuza kiwanja cha babu.

Sasa naomba nieleze kibanda, maana nilisimama mbele ya kimoja nusu saa nzima bila kununua kitu, dada akanifuata akidhani nimeugua. Kina madirisha mawili. La kwanza unaagiza na kulipa, unapewa risiti. Unasogea hatua nne hadi dirisha la pili, unakabidhi risiti, unapewa sahani. Ndani niliona watu wanne wa jikoni. Mmoja anatoa kilichopikwa kwenye kabati la joto. Wa pili anapakua, kijiko kimoja, kipimo kilekile kila mara. Wa tatu anaweka kitu cha juu, jani au tone la mchuzi. Wa nne anaangalia risiti na kutoa. Hakuna anayemgonga mwenzake kiwiko. Na siri kubwa ni ubao wa menyu: vyakula viwili au vitatu, basi. Hakuna kibanda kinachotaka kupika kila kitu. Mimi ninapewa orodha ya harusi yenye vyakula kumi na sita, ndizi nyama na biriani na makange na tambi, jiko moja, masufuria ya kuazima, halafu tunashangaa kuku wamekuwa wakavu. Nilitoa daftari langu la hesabu nikachora kile kibanda: dirisha, dirisha, kabati, meza. Mchoro huo ninao mpaka leo.

Sahani yenyewe ilikuwa ndogo, mikato mitatu au minne, bei ilikuwa dola tano, sita, saba. Dola sita wakati ule ilikuwa kama shilingi elfu kumi na nne, na kwa shilingi elfu kumi na nne mtu anashiba Dodoma na chenji inabaki. Lakini hapa hununui shibe. Unanunua kuonja, na tulikuwa na uma tatu kwa sahani moja. Brazili walikuwa na vimikate vya jibini ambavyo unga wake ni wa muhogo. Nilikiuma, nikakitafuna polepole, nikamwambia dada, "Huu ni muhogo." Akabisha. Tukasoma kijitabu, ni muhogo. Ndani unavutika, nje una gamba jembamba linalovunjika. Mama yetu alikuwa anatuambia muhogo ni chakula cha njaa, nasi tumeuimba hivyo miaka yote, na hapa watu wamepanga foleni juani kuununua kwa dola. Kanada wana supu ya jibini na nyama ya nguruwe ya kukausha, nzito, ya watu wa baridi. Niliionja nikaelewa kwa nini imedumu, lakini kwa joto lile la Florida vijiko vitatu vilinitosha.

Kati ya China na Ujerumani kuna mahali padogo panaitwa Outpost. Kuna ngoma za kupiga, vinyago, duka, na kibanda. Wakati EPCOT inaanzishwa palipangwa kujengwa jumba kubwa la Afrika ya Ikweta, na Alex Haley, mwandishi wa Roots, alikuwa mmoja wa washauri wake, hata akalizungumzia kwenye televisheni siku za ufunguzi. Halikujengwa. Imebaki hii kona. Nchi kumi na moja kulizunguka ziwa, na Afrika yote ya kusini mwa Sahara ina kona isiyo na jumba. Nililiona hilo na liliniuma, na bado linaniuma.

Kibanda chake kilikuwa kinauza githeri. Nikaagiza kwa Kiswahili bila kujua, kisha nikarudia kwa Kiingereza. Ilikuja kwenye kibakuli cha karatasi: maharage meupe, mbaazi, wali wa basmati chini, viungo vikali. Mahindi sikuyaona. Kikwetu chakula cha namna hii tungekiita kande, na kande bila mahindi mama yangu angeirudisha jikoni. Mwanangu ananitazama usoni, anangoja hukumu. Mbaazi zilikuwa zimeiva bila kupondeka, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayepikia maelfu: mbaazi ukizipa dakika kumi zaidi zinakuwa uji, ukizipunguzia zinagoma. Aliyezipika alikuwa amesimama juu ya sufuria. Zilikosa tui la nazi tu. Nikamaliza kibakuli chote, na sikumgawia mtu.

Kwenye mvinyo waliniomba kitambulisho, maana ni lazima uwe na miaka 21, nami nilikuwa na arobaini na sita. Nikatoa pasipoti ya Tanzania. Mimi nimekulia kwenye zabibu. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na utotoni tulikuwa tunatumwa kufukuza ndege shambani. Kwa hiyo glasi niliinusa kwanza kama alivyonifundisha baba, nikaiacha ikae ulimini. Katika kijitabu kizima nilitafuta mvinyo wa Tanzania, haupo. Nikaandika daftarini kwa herufi kubwa: DODOMA. Sina uwezo wa kuupeleka kule. Lakini kuna wasomaji wa makala haya wenye uwezo huo, na nawaambia wazi kwamba mvinyo niliyokunywa pale haikuwa yote bora kuliko ya kwetu.

Saa kumi na dakika tano tulikuwa mlangoni pa Biergarten. Ndani ni ukumbi uliojengwa kama uwanja wa kijiji usiku, kuta za nyumba za mbao pembeni, dari ni anga jeusi, na bendi ya matarumbeta jukwaani. Meza ndefu, watu wanapiga makofi. Harusi kabisa. Nikachukua sahani nikaenda kwenye bufee, lakini sikupakua. Niliangalia trei. Zote zilikuwa nusu. Soseji nusu, viazi nusu, kabichi nusu, kuku nusu. Kijana mmoja alikuwa anatoka jikoni kila baada ya dakika chache na trei nyingine ya nusu, ya moto, anabadilisha. Nikamwuliza mhudumu wetu kwa nini hawajazi trei. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida: wanajua saa hii wameingia wangapi na saa ijayo wanaingia wangapi. Kwa hiyo wanapika kwa ajili ya saa hii.

Nilirudi mezani na sahani tupu. Dada akaniuliza, "Vipi, hakuna unachokipenda?" Machozi yalikuwa yananilenga na sikuweza kumweleza vizuri. Nilikuwa nafikiria meza za mwisho. Miaka kumi na minne nimewatazama watu wa meza za mwisho wakipakua wali na mchuzi, wamevaa sare waliyoichangia, wametoa ahadi na kuilipa, na nyama imekwisha. Hawakukosa kwa sababu kamati ilikuwa maskini. Walikosa kwa sababu hakuna aliyeniambia wako wangapi.

Baadaye nilikula, na nilikula sana.

Jioni tuliingia kwenye foleni ya muziki bila kifurushi, tukapata viti vya nyuma katika ukumbi wa wazi wa America Gardens. Maonyesho ni matatu kila jioni, na la kati lilitufaa. Usiku ulipoingia tukakaa kando ya ziwa kuangalia Harmonious, maonyesho ya moto, maji na nyimbo za filamu za Disney zilizoimbwa kwa lugha nyingi. Dada alikuwa amevua viatu. Mwanangu alikuwa amelaza kichwa begani kwangu, kikadi cha mkononi kimebaki na dola mbili.

Watu walipoanza kutawanyika nikakumbuka. "Mwanangu, ile meza ya kesho mchana bado unayo?"

"Ninayo, mama mdogo. Lakini kesho tunaondoka alfajiri. Si tuiache tu? Dola thelathini mama atalipa."

"Nipe simu."

Akaifungua akanionyesha: Biergarten, Jumatatu, watu watatu. Akanielekeza pa kubonyeza. Ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena, nikamrudishia. Akaangalia upya, kwa mazoea tu ya siku zile za kuvizia. Nafasi ya watu watatu ilikuwa imetokea kwenye orodha. Akaishusha skrini, akaipandisha, ikawa haipo.

"Imechukuliwa," akasema.